Kiwanda Hufa Kabla ya Mashine Kusimama

Kila uchaguzi unapokaribia, sisi wa Pwani huahidiwa kiwanda. Mara cha maembe, mara cha korosho, kisha cha samaki, kisha cha nazi. Ndugu zetu wa Turkana nao huahidiwa vivyo hivyo, ila kwao orodha huanza na samaki na kuishia kwenye nyama na ngozi. Ahadi huja na hesabu ya ajira, kwamba vijana mia kadhaa watapata kazi, na watu hupiga makofi. Sijasikia hata mara moja mgombea akieleza meneja wa kiwanda hicho atapatikana vipi, wala kibarua akiona mambo yanakwenda kombo atamwambia nani.

Mtu ataniambia hayo ni mambo madogo, tupeni kiwanda kwanza. Mimi nasema ndiyo mambo yenyewe. Viwanda vingi tulivyovizika nchi hii vilikuwa na mashine nzuri tu.

Nitaanzia mbali na bahari yetu. Jina la Lokitaung wengi tulilisikia shuleni, kwenye somo la historia. Ndiko Jomo Kenyatta na wenzake waliohukumiwa Kapenguria mwaka 1953 walikofungwa, kabla ya yeye kuhamishiwa Lodwar mwaka 1959. Serikali ya mkoloni ilipachagua kwa sababu palikuwa mbali na kila kitu. Hadi leo ni mji mdogo wa milimani kaskazini mwa kaunti ya Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia na Sudan Kusini. Ukiteremka kutoka huko kwenda ziwani unafika Lowarengak, na hapo mtu wa Vanga au Kipini hatajiona mgeni. Samaki hupasuliwa, wengine hutiwa chumvi, wakaanikwa juani. Ni ng'onda, isipokuwa wa maji baridi: mbuta na ngege. Mzigo hupakiwa kwenye malori, ukapita Lodwar, ukapita Kitale, ukaenda kuuzwa magharibi mwa Kenya, na mwingine huvuka mpaka ukaliwa Kongo.

Kazi hiyo haina meneja wala karatasi ya mshahara, na haina utajiri pia. Lakini mwanamke anayepasua samaki pale ufuoni anajua samaki wake ni wangapi, jua la leo linatosha au halitoshi, na lori likichelewa nani atapata hasara. Anayejua na anayeamua ni mtu mmoja. Tuliweke hilo akilini.

Ukifuata ziwa hilo kwenda kusini unafika Kalokol, mji ulio kati ya Lodwar na maji, na Kalokol pana kiwanda. Norway, kupitia shirika lake la misaada la NORAD, ilianza kuusaidia uvuvi wa Turkana miaka ya 1970. Ushirika wa wavuvi uliimarishwa, na barabara ya lami kutoka Kitale hadi Lodwar ikajengwa kwa msaada huo huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikamalizika kiwanda cha kutengeneza minofu ya samaki na kuigandisha kwa barafu ili iuzwe mbali. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu nzuri: ziwa limejaa samaki, watu hawana kazi, jua linaunguza mifugo, basi waleteeni barafu.

Mitambo ya kugandisha ilifanya kazi siku chache tu. Kushusha joto la samaki mpaka agande, katika nchi yenye jua la namna ile, kulihitaji umeme mwingi kuliko faida ya samaki mwenyewe. Maji safi ya kuoshea samaki yalikuwa haba vilevile, na jangwani hakuna bomba la kufungulia ovyo. Kisha katikati ya miaka ya 1980 ziwa likapungua, na ghuba ya Ferguson, mahali penyewe palipotegemewa kutoa samaki, ikakauka. Oktoba 1990 Kenya na Norway zikavunja uhusiano wa kibalozi kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na Wanorway wakafunga virago. Jengo likabaki ghala la samaki wakavu. Yaani ng'onda akarudi pale pale, ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya barafu.

Wazungu wanapenda kuisimulia hadithi hii, na wanaisimulia kwa namna moja: Waturkana ni wafugaji, samaki si jadi yao, ndiyo maana kiwanda kikafa. Mimi siikubali kirahisi. Ni kweli kwamba kwa Mturkana heshima ya mtu ni mifugo yake. Lakini wapo waliovua tangu zamani, hasa waliopoteza mifugo, na serikali ya mkoloni yenyewe iliwapeleka ziwani watu walioangukiwa na njaa ili wavue. Mradi ulipoanza, watu kwa maelfu walihamia ufuoni. Waliitikia. Sasa unawezaje kumlaumu aliyeitikia?

Wanaokaa pale walijua ghuba ni ya maji mafupi, na kwamba maji yale hayana ahadi, huja na kwenda. Walijua pia samaki wa nchi ya joto hukaushwa. Wenye uamuzi, kwa upande wao, walikuwa na ramani na fedha na nia njema, wala sina sababu ya kuishuku nia yao. Kilichokosekana ni njia ya elimu ile ya ufuoni kufika kwenye meza ya uamuzi kabla ya saruji kumwagwa. Na ikishamwagwa, nani tena atasikiliza?

Nimeileta Kalokol kwa sababu inaonyesha kwa ukubwa jambo linalotokea kwa udogo kila siku katika kila kiwanda, hata kisicho na Mzungu hata mmoja. Anayejua ni mmoja na anayeamua ni mwingine. Kati yao kuna ngazi: msimamizi, nyapara, mkuu wa idara, meneja. Habari ikipanda ngazi hiyo, kiwanda kina uhai. Ikikwama, hata mashine ziwe mpya kutoka Ujerumani, kiwanda kimeanza kufa.

Hapo ndipo lilipo suala la ari ya wafanyakazi. Wakubwa wengi hudhani ari ni furaha. Wakisikia watu wamenuna, wananunua soda, wanagawa fulana zenye nembo ya kampuni, Desemba wanapika pilau. Pilau ni nzuri, sina ugomvi nayo. Lakini ari ni mtu kuamini mambo mawili: kwamba anachokiona akikisema kitasikilizwa, na kwamba jasho lake litalipwa alivyoahidiwa, siku aliyoahidiwa. Yakifa hayo mawili, mwili wake utaendelea kuingia getini saa moja asubuhi, lakini macho ameyaacha nyumbani. Ataona na hatasema. Na kiwanda kisicho na macho ya wafanyakazi wake ni kipofu, kwa sababu meneja hawezi kuwa kwenye kila mashine.

Chukua mfano mmoja mdogo. Beringi ya mashine inaanza kulia. Anayesikia kwanza ni anayesimama nayo saa nane kila siku, kwa sababu ameuzoea mlio wake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Anamwambia nyapara. Nyapara anajua meneja anataka katoni kadhaa kabla ya jioni, na anajua mara ya mwisho aliyesimamisha mashine alitukanwa mbele ya watu. Anasema endelea, tutaangalia Jumamosi. Alhamisi mashine inakatika. Sasa inatafutwa shingo ya kufungia kengele, na aliyesimama karibu na mashine ndiye anayepewa barua ya onyo. Mwezi ujao beringi nyingine inaanza kulia. Unadhani atamwambia mtu?

Atanyamaza, na meneja atasifu nidhamu yake. Wazee wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, nadhani waliwahi kuajiriwa mahali.

Mimi niliwahi kuwa karani wa ghala kwa miaka minne katika kiwanda kimoja cha hapa Mombasa ambacho sikitaji. Kila Jumatatu tulikuwa na mkutano. Meneja akimaliza kusema huuliza, kuna swali? Kimya. Anafunga daftari akiamini mambo ni shwari. Saa saba mchana, chini ya mwarobaini nje ya geti, unasikia yote: ni nani anapewa saa za ziada na kwa nini, ni mzigo gani unatoka bila risiti, ni tangi lipi linavuja. Watu walijua hali ya kiwanda kile vizuri kuliko hesabu za ofisini, na elimu yote hiyo ilikuwa inaliwa na mahamri pale chini ya mti.

Jambo lililoniuma zaidi lilikuwa la vibarua. Kila walipokaribia kumaliza mwezi waliambiwa wakae nyumbani siku chache, kisha warudi kama watu wapya, wapewe namba mpya. Mwanamke mmoja katika daftari langu alikuwa na namba saba. Mikono ile ile, mashine ile ile, namba saba. Ilifanywa ili sheria isimhesabu kuwa mfanyakazi wa kudumu. Ofisi iliona imeokoa pesa. Lakini mtu unayemwambia kila mwezi kwamba humjui, kwa nini yeye aijue mali yako?

Kuna wanaosema tatizo ni wafanyakazi wetu. Eti Mswahili ni mvivu, Mturkana hajazoea saa, kijana wa leo hataki jasho. Maneno haya ni ya zamani, yametumika Pwani tangu enzi ya mashamba ya mkonge. Jibu bora ninalolijua linatoka Marekani. General Motors walikuwa na kiwanda cha magari mjini Fremont, California, kilichokuwa na sifa mbaya kupindukia. Siku ya kawaida karibu mtu mmoja kati ya watano hakufika kazini. Wengine walilewa kazini, wengine waliharibu magari makusudi. Mwaka 1982 wakakifunga. Mwaka 1984 kikafunguliwa tena kwa ubia na Toyota wa Japani, na idadi kubwa ya walioajiriwa walikuwa wale wale wa zamani, na chama chao cha wafanyakazi ni kile kile. Baadhi yao walipelekwa Japani kujifunza.

Walichokikuta ni kamba. Juu ya mstari wa kazi kulikuwa na kamba ambayo mfanyakazi yeyote, hata aliyeajiriwa jana, angeweza kuivuta akiona kosa. Kiongozi wa kikundi hufika mara moja kusaidia, na wakishindwa, mstari mzima unasimama. Kwa meneja wa zamani hilo lilikuwa kufuru, kwani kusimamisha mstari ni hasara. Kwa Toyota, hasara ni kosa linalopita kimya. Ndani ya muda mfupi utoro ukashuka sana na magari yao yakawa miongoni mwa yaliyotengenezwa vizuri zaidi katika kampuni nzima. Watu hawakubadilika dini wala kabila.

Nisiitie chumvi hadithi hiyo. Kiwanda kile kilifungwa mwaka 2010, baada ya General Motors kufilisika na kujitoa kwenye ubia. Ari haizuii kila balaa. Na kwingine ambako General Motors walijaribu kuiga, kamba peke yake haikufua dafu, kwa sababu nyapara waliokaa chini yake walikuwa bado ni wale wa kumfokea anayeivuta. Kamba inanunuliwa dukani. Mkubwa anayevumilia kuambiwa habari mbaya hauzwi popote.

Hapa kwetu tuna makaburi ya kutosha ya kusoma. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kule Kwale kilifungwa mwaka 1988, na kwa miaka mingi mji ule uliishi kwa kumbukumbu. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichokuwa kikinunua korosho za wakulima kuanzia Lamu hadi Kwale, kiliporomoka miaka ya 1990. Magharibi, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Mumias, iliyokuwa fahari ya sukari ya Kenya, iliishia mikononi mwa benki ya KCB iliyokuwa ikiidai. Septemba 2019 benki iliweka mtu wake wa kuisimamia, huku wafanyakazi wakidai malimbikizo ya mishahara. Simaanishi kwamba viwanda hivi vyote viliuawa na ari mbovu. Kuna madeni, kuna siasa, kuna sukari ya magendo, kuna bei za dunia. Ninachosema ni kwamba kiwanda kikianza kuyumba, wa kwanza kukiona ni mpakizi, dereva na mtu wa bohari. Mzigo unapungua, vipuri havinunuliwi, lori linalala wiki nzima. Na kwa kawaida hao ndio huwa wa mwisho kuelezwa lolote, huku mshahara ukichelewa wiki, kisha mwezi, kisha miezi.

Mshahara unaochelewa una tabia yake. Watu huvumilia kuchelewa kuliko tunavyodhani, wakielezwa ukweli. Nimeona mwenye karakana ndogo Majengo akiwaita mafundi wake watano, akawafungulia daftari la madeni, akawaambia mteja fulani hajalipa, chukueni nusu sasa na nusu Ijumaa ya pili. Hakuna aliyeondoka. Kampuni kubwa ikichelewesha, hutoa tangazo la mistari miwili ubaoni linalosema menejimenti inalishughulikia suala. Kuanzia siku hiyo kila mtu anaanza kujilipa mwenyewe, mwingine kwa dakika zake, mwingine kwa misumari.

Kimya hicho kikikaa sana hulipuka. Januari 2003, wiki chache tu baada ya utawala wa KANU kuondoka, maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya EPZ kule Athi River waligoma. Walilalamikia ujira, saa nyingi, kudhalilishwa kijinsia na kunyimwa chama cha wafanyakazi. Wenye viwanda wengi walionekana kushangaa. Cha kushangaza kilikuwa nini? Wanawake wale walikuwa wakiyasema hayo kwa miaka, ila waliyasema mahali ambapo mkubwa hafiki.

Turkana wana lugha yao ya kuusema umbali huu. Mtu wa Lodwar akisafiri kwenda Kitale au Nairobi husema anakwenda Kenya. Sisi Pwani tunajua maana ya maneno ya namna hiyo, tuna ya kwetu kuhusu watu wa bara. Oktoba 2013 kampuni ya Tullow Oil ililazimika kusimamisha kwa muda uchimbaji wa mafuta Turkana baada ya wenyeji kuandamana wakidai ajira na zabuni. Kule Nairobi lilielezwa kama tatizo la usalama. Lakini mwenyeji anayeona kila kazi yenye kiti imekwenda kwa mtu aliyeshuka na ndege, na yeye amepewa kulinda geti la ardhi ya babu yake, hasubiri semina ya ari.

Hata hivyo tusijidanganye kwamba mkubwa akiwa wa kwetu mambo yamekwisha. Nimeona wakubwa wa kwetu wakitunyanyasa kwa ustadi kuliko wageni, kwa sababu wanatujua. Mkubwa wa kwetu anayejaza shifti nzima kwa wapwa zake ameua ari kwa haraka zaidi, maana mgeni unaweza kumlalamikia, lakini huyu utamlalamikia kwa nani, na harusini mtakaa meza moja? Mwenyeji au mgeni, swali ni lile lile: ukimpelekea habari mbaya, inakuwaje kwako?

Sasa turudi kwenye ahadi. Habari za kukifufua kiwanda cha Kalokol zimekuwa zikisikika mara kwa mara tangu ugatuzi uingie, na huku kwetu mashamba ya viwanda yanachorwa upande wa Dongo Kundu. Katiba inataka wananchi waulizwe maoni kabla ya mipango ya aina hii. Mikutano hiyo huwa tunakwenda, tunasaini fomu, tunapewa maji na nauli, tunarudi. Tukienda safari ijayo tuulize mambo ya kawaida kabisa. Kiwanda kikikosa samaki au maembe miezi mitatu, wafanyakazi watalipwa na nini? Kazi ngapi ni za mkataba na ngapi za kibarua? Meneja atasimamiwa na bodi gani, na ndani ya bodi hiyo kuna mvuvi au mkulima hata mmoja mwenye sauti ya kupiga kura? Aliyeandika mpango amekaa ufuoni misimu mingapi? Swali hili la mwisho lingewafaa sana Wanorway. Miaka ya karibuni ziwa Turkana limefanya kinyume na lilivyofanya miaka ya 1980, limepanda, likameza sehemu za fukwe za kushushia samaki pale Kalokol, wakati wataalamu wengi walikuwa wakihofia litakauka kwa sababu ya bwawa la Gibe la tatu kule Ethiopia. Mtu anayetaka kuweka mtambo pale bila kukaa na wavuvi anacheza kamari na pesa za umma.

Na kwa wewe ambaye tayari uko kazini, shika machache ya sheria, maana ari ya mtu hupanda kidogo akijua hayuko uchi. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakupa haki ya kutendewa haki kazini, kupata ujira wa haki, kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mwezi, na hilo ndilo linalokimbiwa kwa mchezo wa namba niliousimulia. Mchezo huo ukifika mahakamani, mahakama inaweza kutazama hali halisi ya kazi na si namba kwenye daftari. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri, kabla ya kukufukuza kwa kosa, akueleze kosa lenyewe kwa lugha unayoifahamu, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama pembeni. Lugha unayoifahamu: Kiswahili, Kigiriama, Kiturkana. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, na mahali pa kazi penye idadi hiyo panatakiwa kuwa na kamati ya usalama ambayo wafanyakazi wana wawakilishi wao. Kamati hiyo, ikitumiwa vizuri, ndiyo kamba yetu ya kuvuta. Katika viwanda vingi majina ya wajumbe wake yamebandikwa ukutani na hawajakaa kikao. Waulize kikao cha mwisho kilikuwa lini, na uombe kuona kumbukumbu zake.

Weka karatasi zako. Barua ya ajira, karatasi za mshahara, jumbe za M-Pesa unazolipwa nazo, hata kadi ya geti yenye namba ya zamani. Ofisi ya leba ipo Mombasa, na Lodwar pia ipo, na kulalamika huko hakuhitaji wakili. Lakini madai ya kazi yana muda wake: miaka 3 tangu jambo litokee, na ukipita, mahakama haikusikilizi tena hata ukiwa na haki.